Zulia la Nyasi na Swali la Bibi



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji, wiki hii hatutazungumzia ndoa wala mirathi, ambayo ndiyo maswali mtuleteayo kwa wingi. Tutazungumzia zulia. Tena si zulia la msikitini, bali lile la kijani la nyasi za plastiki ambalo siku hizi limeenea majumbani mwetu: uani, darini, kwenye veranda za fleti na katika viwanja vya watoto. Yamkini mtu akauliza, sheikh ana nini na nyasi za plastiki? Twamwomba asubiri mpaka mwisho wa safu hii. Katika zulia hilo mna mas-ala ya tahara, ya amana, ya wakfu na ya usalama wa watoto wetu. Na mna kosa letu sisi wenyewe, ambalo tumeona ni haki tulikiri mbele yenu.

Kisa chenyewe

Takriban miaka mitatu iliyopita akina mama wa mtaa wetu waliazimia kuutengeneza ua wa madrasa. Ua ule ulikuwa wa saruji tupu. Watoto wa darasa la chini, wenye umri wa miaka minne mpaka saba, walikuwa wakianguka na kuchubuka magoti. Akina mama wakachanga. Kuna aliyetoa elfu kwa mara moja, na kuna aliyetoa shilingi hamsini kila Ijumaa. Bibi mmoja auzaye mahamri na mbaazi asubuhi alileta fedha zake zimefungwa katika ncha ya leso, akazihesabu mbele yetu sarafu kwa sarafu.

Zulia likanunuliwa, fundi akaja, na kwa siku moja ua ukageuka bustani. Tulisoma dua, watu wakapiga picha. Katika furaha ile bibi yule yule aliigeukia kamati ya madrasa, ambayo sisi tumo ndani yake, akauliza: "Mashekhe, na hili nani atalifagia?" Tulitabasamu. Tukamjibu kwamba uzuri wa nyasi hizi ni kuwa hazitaki kazi: hazinyweshewi wala hazikatwi. Bibi hakuongeza neno.

Masika ya kwanza yalipita salama. Yalipokwisha ya pili, ua ulikuwa ukinuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni. Upande wa ukuta, pasipofika jua, palifanya utelezi wa kijani. Nyasi zilikuwa zimelala kama nywele zilizopakwa mafuta mengi. Pale lilipowekwa chetezo siku ya maulidi palikuwa na matundu mawili ya kuungua. Wazazi wakaanza kunong'onezana kwamba ua una najisi, na watoto wao huswali humo. Kisha alasiri moja msichana wa miaka sita akateleza pale ukutani, akavunjika mkono.

Kamati ilikutana usiku ule ule. Rai ya wengi ilikuwa moja: zulia ling'olewe, litupwe, turudi kwenye saruji. Lilikuwa jambo rahisi. Lakini kila tulipotaka kuafikiana tuliikumbuka ile ncha ya leso. Mali ile haikuwa yetu. Ilikuwa imetolewa kwa ajili ya watoto, nasi tulikuwa walinzi wake tu. Je, mlinzi aliyeiacha amana ikaharibika kwa kutoiangalia ana haki gani ya kusema, "Imeharibika, itupeni"? Tukaomba muda wa wiki mbili. Watoto wakahamishiwa barazani, tukamwita fundi mwingine, mtu mzima mwenye uzoefu, tukakunja kanzu zetu tukafanya kazi pamoja naye. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza, na tunayaandika kwa sababu twajua kuna nyumba nyingi zenye zulia kama lile, na masika yako njiani.

Kinachooza si plastiki

Nyasi hizi si kitu cha jana. Zilipata umaarufu mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome, mjini Houston, Marekani. Uwanja ule ulikuwa na paa lenye kupitisha mwanga. Wachezaji walipolalamika kwamba mwangaza wawasumbua macho, paa lilipakwa rangi, na nyasi za kweli zikafa kwa kukosa jua. Ndipo zikatandikwa za plastiki. Umaarufu wake, basi, ulianzia chini ya paa, pasiponyesha mvua. Sisi twazitandika mahali penye masika, vuli na hewa ya bahari, kisha twazitarajia zijitunze.

Zulia hili lina sehemu tatu. Juu ni nyuzi za plastiki. Katikati ni kitambaa kinachozishika nyuzi hizo kwa mishono iliyopangwa safu safu. Chini ni tabaka la mpira, lenye vitundu vya kupitishia maji. Plastiki yenyewe haiozi. Kinachooza ni vile vinavyonasa ndani yake: vumbi, majani ya mwarobaini na ya mkungu, nywele, makombo, shira ya kaimati iliyomwagika wakati wa futari, na kinyesi cha kunguru. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, na ikifika Mei zulia laweza kukaa siku kadhaa bila kukauka. Uchafu ukikutana na unyevu na kivuli, kuvu huota na utelezi huenea.

Tulipoinua pembe ya zulia la madrasa tulikuta mambo matatu. La kwanza, chini yake palikuwa na magunia na vipande vya sponji vilivyotandikwa ili watoto wapate ulaini. Vyote vilikuwa vimelowa na kuoza, na hapo ndipo ilipotoka ile harufu. La pili, sakafu ilikuwa na mabonde, maji yakituama humo. La tatu, tundu la kutolea maji lililoko pembeni mwa ua lilikuwa limefunikwa na zulia lenyewe, likaziba. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa kosa la nyasi. Na ili tuseme kweli yote: fundi wa kwanza alituambia kwamba sakafu yataka kusawazishwa kabla ya kutandikwa kitu. Sisi ndio tuliomjibu kwamba fedha hazitoshi, atandike hivyo hivyo.

Namna tulivyolitengeneza

Kazi huanza chini. Magunia na sponji tuliviondoa vyote. Sakafu ilisuguliwa, mabonde yakajazwa saruji, na ikapewa mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Mteremko huo jicho haliuoni, lakini maji huujua. Mwenye kutaka ulaini na atandike wavu mgumu wa plastiki unaopitisha maji, wala asitandike kitu chochote chenye kunyonya. Katika nyumba yenye ua wa udongo, badala ya saruji hutandikwa kokoto zilizoshindiliwa vizuri, na mteremko ni ule ule.

Zulia tulilitundika juu ya ukuta, mgongo ukielekea jua. Lilipokauka tulilipiga kwa fimbo kama upigavyo mkeka, kisha tukaliosha pande zote mbili kwa maji na sabuni laini. Palipokuwa na kuvu tulipaka siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa vipimo sawa, tukaiacha dakika kumi, tukasugua kwa burashi ya nywele ngumu za plastiki, tukasuuza. Burashi ya waya haifai, kwani hukata nyuzi. Vilevile petroli, tina na dawa kali za klorini zadhuru rangi na mpira wa chini. Na hapa twawanasihi mama zetu nasaha ya uhai: msichanganye kamwe siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Vikikutana hutoa gesi yenye sumu inayochoma macho na mapafu, hasa ndani ya bafu au ua uliozungukwa na kuta.

Nyumba nyingi za mji wetu hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Hayo hayana tatizo kisheria wala katika kuoshea, lakini chumvi ikibaki ndani ya zulia huvuta unyevu wa hewa, na zulia halikauki vyema. Kwa hiyo, mkiweza, msuuzo wa mwisho uwe wa maji matamu. Hata maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani yatosha.

Kisha tuliziba matundu ya kuungua. Ikiwa moto umegusa ncha za nyuzi tu, zikatwe kwa mkasi, basi. Ikiwa umefika kwenye kitambaa, hakuna budi kutia kiraka. Zulia hugeuzwa, na sehemu iliyoharibika hukatwa kwa kisu kikali kutoka mgongoni, kisu kikipita baina ya safu mbili za mishono bila kuzikata. Kiraka hukatwa kwa kipimo hicho hicho kutoka katika mabaki. Kwa hivyo siku ya kutandika msiyatupe mabaki. Nyuzi za zulia hulala upande mmoja, na kiraka nacho lazima kilale upande huo huo, la sivyo kitaonekana kwa mbali kama kiraka cha kanzu nyeusi kwenye kanzu nyeupe.

Chini ya kiungo huwekwa utepe maalumu wa kuungia, na juu ya utepe hupakwa gundi ya zulia. Nafasi baina ya kiraka na zulia iwe sawa na nafasi iliyopo baina ya safu na safu: ikizidi utaona mfereji, na ikipungua utaona tuta. Nyuzi zisinaswe ndani ya gundi. Halafu juu yake hulazwa mifuko ya mchanga, na kwa muda wa siku nzima pasikanyagwe wala kuoshwa. Sakafu na mgongo wa zulia viwe vikavu kabisa, na kazi ifanywe siku ya jua. Gundi iliyopakwa juu ya unyevu hushika leo na kubanduka kesho kutwa. Kwenye ua wa udongo, ambako kingo hupigiliwa misumari, itumike isiyoshika kutu, maana hewa ya bahari huila misumari ya kawaida, na msumari wenye kutu ni hatari kwa nyayo za watoto.

Mwisho, nyasi zilizolala huinuliwa kwa kusuguliwa kinyume cha zinavyolala. Tukazinyunyizia mchanga wa silika uliooshwa na kukaushwa, kidogo kidogo, tukiusukuma kwa ufagio mpaka ushuke kwenye shina. Mchanga huo huzifanya nyuzi zisimame na zulia litulie. Kwa kawaida hutosha kilo 5 hadi 10 kwa kila mita mraba, na afadhali kufuata maelezo ya muuzaji. Msichote mchanga wa ufuoni. Una chumvi, na chembe zake ndogo hugandamana na kuziba vitundu.

Tuligundua jambo la kuchekesha na la kusikitisha kwa pamoja: kazi yote hii, pamoja na ujira wa fundi, haikufika robo ya bei ya zulia jipya.

Mas-ala ya tahara

Tulisema wazazi walinong'ona kwamba ua una najisi. Suala hili lina uzito, na jibu lake lafaa kila nyumba yenye mtoto mdogo.

Jambo la kwanza, si kila kichafu ni najisi. Kuvu, utelezi wa kijani na harufu ya unyevu vyachukiza, na ni wajibu kuviondoa kwa sababu vyadhuru, lakini si najisi. Asili ya vitu ni tahara mpaka ipatikane yakini ya kinyume chake. Mtu asiufanye ua mzima kuwa najisi kwa dhana. Mlango huo ukifunguliwa huingia wasiwasi, na wasiwasi huwataabisha sana baadhi ya dada zetu.

Jambo la pili, mkojo ukimwagika juu ya nyasi hizi, usafishaji wake si mgumu. Twakumbuka kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Sahaba walimkemea, Mtume (s.a.w.) akawazuia, kisha akaamuru pamiminwe ndoo ya maji mahali hapo. Basi kwanza ukausheni mkojo kwa kitambaa, kisha mimineni maji yapite juu ya mahali hapo pote na kushuka chini. Ikiwa athari yake imeondoka, mara moja yatosha, na mara tatu ni bora. Mtoto mchanga wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na hajala ila maziwa, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji yakauenea, baada ya kuikausha rutuba yake. Wa mtoto wa kike huoshwa.

Jambo la tatu, na hapa wengi huteleza, katika madhehebu yetu ya Shafi kinachotahirisha najisi ni maji. Siki, sabuni na dawa za manukato huondoa harufu, lakini hazishiki mahali pa maji. Kwa hiyo maji yatangulie, siki ifuate kwa ajili ya harufu. Na ikibaki harufu peke yake baada ya juhudi, na ikawa ni taabu kuiondoa, mahali pamekwisha kutahirika.

Jambo la nne ni kinyesi cha ndege. Nani katika mji huu asiyewajua kunguru wetu? Katika madhehebu ya Shafi ni najisi, kwa hiyo kiondolewe na mahali pake paoshwe. Lakini mahali pa kuswalia kikienea hata ikawa vigumu kujikinga nacho, wanavyuoni wamekisamehe, madhali mtu hakukusudia kukikanyaga na hapana unyevu baina yake na mwili au nguo. Paka naye si najisi kwa kulala juu ya zulia, ila mkojo na kinyesi chake ni najisi.

Swala juu ya nyasi hizi yasihi maadamu ni tohara. Yatakikana tu, wakati wa kusujudu, paji la uso likandamizwe mpaka nyuzi zilale na litulie, lisielee juu ya ncha zake. Na mwenye shaka na atandike mkeka ulio tohara juu yake aswali, wala asijitie katika dhiki.

Usalama na utunzaji wa kila wiki

Nyasi za plastiki hushika joto kuliko nyasi za kweli. Katika jua la adhuhuri laweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na nyayo za mtoto haziwezi hilo. Kabla ya kuwaachia watoto, wekeni mgongo wa mkono juu yake. Ikiwa hamuwezi kuvumilia, nao wasikanyage. Maji huipoza kwa muda mfupi tu, kwa hiyo kivuli cha turubai au cha mti ni bora. Chetezo, jiko la makaa na pasi ya makaa visiwekwe juu yake hata kama chini pana kigae, kwani cheche moja yatosha kuyeyusha. Shira, chai na tui vikimwagika viondolewe papo hapo kwa maji ya vuguvugu, kabla sisimizi hawajaitana.

Baada ya hayo kazi iliyobaki ni ndogo, na siri yake ni kudumu. Majani na makombo yafagiliwe kila siku. Ufagio wa chelewa wafaa sana. Mara moja kwa wiki nyasi zisuguliwe kinyume, hasa mahali pa mapito. Wakati wa masika, mara moja kwa mwezi, pembe moja iinuliwe kuangalia kama chini pakavu, na tundu la maji lizibuliwe. Miti iliyofunika ua ipunguzwe matawi ili jua na upepo viingie. Vyungu vya maua na viti visikae mahali pamoja mwezi mzima. Utelezi wa kijani ukionekana, hata ukubwa wa kiganja, usingoje Jumamosi.

Kwa nini hatukulitupa

Kuna watakaosema: haya yote kwa sababu ya plastiki? Twajibu: hapana, ni kwa sababu ya waliotoa.

Anas bin Malik (r.a.) amepokea, katika riwaya iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba bibi yake, Mulayka, alimwalika Mtume (s.a.w.) chakula. Alipokwisha kula, Mtume (s.a.w.) aliwaita wasimame awaswalishe. Anas akauendea mkeka wao uliokuwa umekuwa mweusi kwa kutumika muda mrefu, akaunyunyizia maji. Juu ya mkeka ule kiumbe bora kuliko wote alisimama kuswali, Anas na yatima mmoja nyuma yake, na yule bibi mkongwe nyuma yao. Hawakwenda kununua mpya kwa ajili ya mgeni. Waliuosha waliokuwa nao.

Wanavyuoni wetu, walipozungumzia mikeka ya msikiti, waliruhusu katika kauli iliyo sahihi zaidi iuzwe inapochakaa hata isifae tena, na thamani yake irudi katika maslahi ya msikiti. Tazameni sharti hilo: isifae tena. Kitu kinachofaa kwa kutengenezwa hakijafika hapo. Kukitupa ni israfu, na ikiwa ni mali iliyotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, basi ni zaidi ya israfu. Tabia yetu katika miradi mingi ya mitaani ni kuchanga kwa ajili ya kufungua, na kusahau kuchanga kwa ajili ya kutunza. Matangi ya maji, mapanka na maktaba tumevifungua kwa dua na sambusa. Vingapi bado vyafanya kazi? Kila mwenye kusimamia wakfu au mchango na atenge fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza, hata likiwa dogo, na amtaje mtu kwa jina atakayeangalia. Amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu, kama alivyotufunza Mtume (s.a.w.), ni ile yenye kudumu ingawa ni kidogo.

Zulia lilitandikwa tena kabla ya wiki mbili kwisha. Msichana aliyevunjika mkono amekwisha kufunguliwa plasta, alhamdulillah, na ameanza tena kuandika ubao wake. Tulikwenda kwao, kamati nzima, tukawaomba radhi wazazi wake, kwani utelezi ule tuliuona kabla hajauanguka mtoto wao, tukaupita. Walitusamehe. Tuliona hayo hayatoshi, tukamwendea na bibi yule kwenye meza yake ya mahamri, tukamwambia kwamba swali lake la siku ile lilikuwa la haki nasi tulilidharau. Alitutazama, akafunga mahamri ya watu wengine, kisha akauliza tena: "Haya, nani sasa atalifagia?"

Safari hii tulikuwa na jibu. Alhamisi baada ya alasiri ni zamu ya wanafunzi wakubwa, wavulana wiki moja na wasichana wiki ya pili. Ijumaa asubuhi ni zamu ya kamati, mashekhe kwa fagio zao, na sisi ni wa kwanza katika orodha. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

Zama za Mtume (s.a.w.) kulikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti. Alipofariki usiku, watu walimzika wala hawakumwarifu Mtume (s.a.w.), kana kwamba waliliona jambo lake dogo. Mtume (s.a.w.) alipomkosa aliuliza habari zake, akawalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamswalia. Hicho ndicho cheo cha mwenye ufagio mbele ya Mtume wetu. Sisi tuliokaa viti vya mbele siku ya kufungua ua tulipaswa kukikumbuka.

Masika yakaribia. Inueni pembe za mazulia yenu leo, muangalie chini yake pakoje. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana tulizopewa, kubwa na ndogo, awahifadhi watoto wetu, na awalipe kheri akina mama watoao katika kidogo walichonacho. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.